Kiti Kilichoandikwa Kukimbia

— Wenye masikio!

— Tupo!

— Wenye miguu!

— Tumeikunja!

— Ikunjeni, lakini msitulie sana. Niliyemleta leo hajui kutulia.

— Mlete tumwone!

Hapo kale, kale ya kale, wanyama wa Bonde la Mwanzi walikuwa na Chama cha Mbio. Mwenyekiti wake alikuwa Kiboko. Msicheke. Enzi hizo Kiboko aliishi nchi kavu, na hakuna kitu alichokichukia kama kulowa. Katibu wake alikuwa Ngiri, na kazi ya Ngiri ilikuwa kuchonga majina kwenye gome la mti kwa pembe za mdomo wake.

Na alikuwepo Choroa, yule mnyama wa pembe mbili ndefu zilizonyooka. Huyo ndiye mgeni wetu. Choroa alikuwa mkimbiaji. Akisimama, miguu inapiga chini. Akilala, miguu inatikisika. Majirani walimwambia, "Bi Choroa, tulia basi, unatutimulia vumbi!" Hakuweza.

Alikuwa na sababu. Ng'ambo ya mto kulikuwa na chemchemi, na kila kiangazi mto ulikauka ukabaki mchanga mtupu. Mabonde matatu yaliitegemea chemchemi hiyo moja. Kwa hiyo kila mwaka, mvua zikikaribia kuisha, mabonde yalishindana mbio ng'ambo kule. La kwanza kufikisha mkimbiaji linakunywa kwanza. La pili linakunywa la pili. La tatu linalamba tope. Mwaka mmoja Bonde la Mwanzi lilikuwa la tatu, na tope likamuua mtoto wa kwanza wa Choroa. Sasa alikuwa na mtoto mwingine, bado ananyonya. Kila akimtazama, moyo unamwenda mbio kabla ya miguu.

Haya, siku za mashindano zikakaribia. Chelezo cha kuvukia mto, uliokuwa bado na maji mengi, kilikuwa na nafasi nne tu. Ngiri akachonga majina manne: Kiboko, Mbuni, Punda Milia, Choroa. Kiongozi mmoja, wakimbiaji watatu. Wote wakaridhika.

Siku ya kwanza Kiboko akaitisha mkutano. Akakohoa.

"Ndugu zangu, wakimbiaji wanahitaji kutiwa moyo. Nani atawatia moyo kama si mke wangu? Katibu, mtoe Mbuni, mwandike Bi Kiboko."

Ngiri akakwangua, akachonga. Mbuni akatazama huku, akatazama kule. Choroa miguu ikampiga chini, ta-ta-ta. Alitaka kusema. Lakini jina lake lilikuwa bado limo. Akanyamaza.

Siku ya pili Kiboko akaitisha mkutano. Akakohoa.

"Ndugu zangu, msafara bila mkuu wa msafara si msafara. Katibu, mtoe Punda Milia, jiandike mwenyewe."

Ngiri akakwangua upesi zaidi ya jana. Punda Milia akafoka, akazunguka, akaondoka. Choroa miguu ikampiga chini, ta-ta-ta. Lakini jina lake lilikuwa bado limo. Akanyamaza tena.

Siku ya tatu, asubuhi ya safari, chelezo kikiwa tayari majini, Kiboko akakohoa.

"Ndugu zangu, kiti changu kitasafiri na nani?"

Kilikuwa kigoda cha mninga, cha miguu mitatu, kizito. Wanyama wakatazamana.

"Mwenyekiti akifika ugenini akae chini kama mtu wa kawaida? Mnataka bonde letu lichekwe? Katibu, mtoe Choroa, kiandike kiti."

"Mzee!" Choroa akaruka. "Mzee wangu, sasa nani atakimbia?"

"Usituharibie safari, Bi Choroa. Mambo ya mbio tuachie chama."

Ngiri akainua gome, akasoma sheria kwa sauti ya puani: "Aliyeandikwa hukimbia, asiyeandikwa hutazama. Chelezo kikiondoka, jina halibadilishwi. Mwakani, mama, mwakani."

Chelezo kikaondoka. Kiboko akiwa amekalia kiti, Bi Kiboko akipunga mkono, Ngiri akikumbatia gome.

Choroa akakimbilia kwa Mbuni. "Ndugu yangu, twende tuzungukie juu, kwenye kivuko cha mawe! Ni mwendo wa siku mbili, na mbio ni kesho kutwa. Tutawahi!"

Mbuni akamtazama. "Nilipokatwa mimi, wewe ulisema nini?"

Akakimbilia kwa Punda Milia. Punda Milia hakugeuka. "Nilipokatwa mimi, wewe ulisema nini?"

Choroa aliona aibu mpaka masikioni. Akamwachia jirani mtoto wake, akashika njia peke yake, akiimba:

*Miguu, miguu, twende,*
*maji hayangoji mtu,*
*miguu, miguu, twende.*

Akapanda na mto siku nzima. Akavuka kwenye mawe. Akashuka upande wa pili siku nzima. Kila alipotaka kupumzika alimwona mtoto wake akilamba tope, na miguu ikaondoka yenyewe.

Huko chemchemini, siku ya mbio ilikuwa imefika. Mwamuzi alikuwa Twiga, maana anaona mwanzo na mwisho wa njia akiwa amesimama palepale. Duma wa Bonde la Mkwaju alikuwa mstarini. Nyumbu wa Bonde la Mawe alikuwa mstarini. Twiga akachukua gome la Bonde la Mwanzi.

"Kiboko, njoo mstarini!"

Kiboko akacheka. "Mimi ni mwenyekiti."

"Umeandikwa. Aliyeandikwa hukimbia. Bi Kiboko, mstarini! Ngiri, mstarini!"

Ngiri akataka kueleza, lakini sheria aliichonga mwenyewe. Wakasogea.

"Kiti!"

Kigoda hakikusogea.

"Kiti!"

Wanyama wakaanza kucheka. Duma alicheka mpaka akakaa chini.

"Naita mara ya tatu na ya mwisho. Kiti!"

Hapo Choroa akatokeza, vumbi tupu, ulimi nje. Kiboko akapaza sauti, "Mwamuzi! Huyu! Huyu ndiye mkimbiaji wetu!"

"Ameandikwa?" Twiga akauliza.

Ngiri akainama. "Hakuandikwa."

"Basi atatazama."

"Sikuja kukimbia, mwamuzi," Choroa akasema, miguu ikimpiga chini, ta-ta-ta. "Kiti kimeandikwa. Kina miguu lakini hakina mwendo. Sheria inakataza kibebwe?"

Twiga akafikiri shingo nzima. "Haikatazi. Ila atakayehesabiwa ni Kiti. Jina lako halitatajwa."

"Lisitajwe."

Akatia pembe katikati ya miguu ya kigoda, akakinyanyua. Mbio zikaanza.

Bi Kiboko alikwenda hatua kumi, akakaa. Ngiri alikwenda mkia juu, nusu ya njia akasahau anakokwenda, akapiga magoti kuchimba mizizi. Kiboko jua lilimchoma mpaka ngozi ikatoka jasho jekundu. Akapiga yowe, akajitupa mtoni, yeye aliyechukia kulowa.

Wakabaki watatu. Duma alikuwa mbele, hakuna wa kumfikia, akamaliza. Nyumbu na Choroa wakaja bega kwa bega. Kigoda kilimlemea. Shingo ilimuuma. Akaimba bila pumzi:

*Miguu, miguu, twende...*

Hatua za mwisho akainamisha kichwa. Pembe zikalala mbele, na kiti kikatangulia. Kikavuka mstari, na pua ya Nyumbu ikafuata.

Twiga akatangaza: "Wa kwanza, Duma! Wa pili, Kiti! Wa tatu, Nyumbu!"

Choroa akakishusha kiti palepale kilipofikia, akalia. Mtoto wake atakunywa maji.

Kiboko akatoa kichwa majini. "Bi Choroa! Niletee kiti changu!"

"Kipo mstarini, mzee. Njoo ukikalie. Ila njia ya kufika ni ile niliyopita mimi."

Kiboko akaitazama ile njia, ndefu, jua likiwaka. Akazama mpaka puani. Mto ukikauka huhamia dimbwini, lakini nchi kavu hajarudi kuishi mpaka leo. Mkimwona ametoa macho mawili juu ya maji, anakitazama kiti.

Choroa alirudi akaenda kwa Mbuni, akaenda kwa Punda Milia. "Mlipokatwa nilinyamaza. Nimekosa. Nisameheni." Wakamsamehe, Mbuni baada ya siku mbili. Na kiti hakikuondolewa. Tangu siku ile, anayetaka kuwaongoza wakimbiaji wa Bonde la Mwanzi hukimbia kwanza mpaka pale.

Mmesikia, wanangu. Anayeongoza wakimbiaji asichukue nafasi ya mkimbiaji. Nawe ambaye jina lako bado limo, usinyamaze mwenzako anapokatwa, maana gome ni lilelile na katibu ni yuleyule.

— Wenye miguu!

— Tumeikunjua!

— Ngano imevuka mstari, nami nimeishusha hapa. Anayeitaka aibebe.

— Tumeibeba!