Zahanati ya Nyuma ya Kilima

Diwani Kilangi aliifunga zahanati ya Kwamsanja bila hata kushuka garini. Dereva ndiye aliyeng'oa kibao na kutia kufuli. Mheshimiwa alibaki nyuma ya vioo vyeusi, akiongea kwa simu na shemeji yake, aliyeahidiwa jengo liwe ghala la mahindi.

Mkutanoni akawaambia wajawazito waende zahanati ya Magoda. "Kwani mbali? Ni hapo tu nyuma ya kilima!"

"Hapo tu," aliitikia Mwasiti, muuza vitumbua. "Basi tupeleke, baba. Tembea na sisi, watu waone kiongozi asiye na makuu. Gari lipumzike."

Wanawake wakapiga vigelegele, na vigelegele diwani hajawahi kuvikataa. Mwasiti akatangulia. Walipanda, wakashuka, wakapanda tena. Viatu vya ncha vilimchubua mheshimiwa visigino, suti ikalowa jasho, na kila alipouliza alijibiwa, "Hapo tu."

Alasiri wakatokea migombani, mbele ya jengo jeupe lisilo na kibao. Mlangoni kufuli.

"Mpumbavu gani anafunga zahanati watu wanaumwa?" diwani alifoka, akijibwaga chini. "Vunjeni! Naamuru mimi! Na asithubutu mtu kuifunga tena!"

"Mmemsikia wenyewe," alisema Mwasiti.

Kufuli likavunjwa. Nesi, aliyekuwa msafarani na wanawake, akaingia na kuleta beseni la maji ya chumvi.

"Magoda pazuri," diwani alishusha pumzi, miguu ikiwa majini.

"Magoda bado mbali, baba. Tumekuzungusha kilima tu. Hii ndiyo uliyoifunga asubuhi. Ungeshuka garini, ungeijua."