Kastabini ya Hamadi Semboja

Hapo zamani, nayo si zamani ya mababu bali zamani ya juzi, kompyuta zilipokwisha kufika Mombo, aliishi mjane aitwaye Bi. Nyange binti Kilua. Marehemu mumewe, Hamadi Semboja, alikuwa fundi cherehani. Walikaa pamoja miaka thelathini na minne, wala hawakupata kupigwa picha wakiwa wawili.

Siku moja Bi. Nyange akawaita wanawe: Singano, wa kwanza, Tunu, wa kati, na Hoza, kitindamimba, ambaye naye ndevu zilikuwa zimeshamwota.

"Wanangu," akasema, "uso wa baba yenu unaanza kunitoka. Atakayeniketisha naye katika picha moja, aichukue cherehani yake."

Tunu akaitazama cherehani. Miaka sita alikuwa akipinda nguo za watu kwa mkono.

Singano akaondoka kutafuta picha, maana nyumbani haikuwapo hata moja ya Hamadi. Mvua ilikuwa imekata barabara. Basi lilimfikisha Sindeni tu; kutoka hapo alitembea kwa miguu, akalala njiani, akafika Handeni kwa Bwana Salehe Mkufya, aliyekuwa rafiki wa baba yao. Akaombaomba hata akapewa picha ya harusi ya Bwana Salehe. Hamadi alikuwamo, kijana, ameketi pembeni, kastabini ya kukinga sindano ingali kidoleni. Kanzu ya bwana harusi alikuwa ameimaliza dakika ile ile.

Singano aliporudi, Tunu akaichukua picha hiyo, na nyingine ya mama yake, akaenda kwa Bwana Kihiyo mwenye duka la kuchapisha kwa kompyuta.

"Nifundishe kuunganisha."

"Kila picha iweke kwenye tabaka lake," akasema Bwana Kihiyo, "kama karatasi angavu juu ya karatasi. Kisha kata taratibu, dada. Huyo si muhogo."

Siku ya kwanza akakata, sikio la baba likaenda. Akaanza upya. Siku ya pili akakata vizuri, lakini baba akawa mkubwa kama mlango na mama kama kuku. Akaanza upya. Siku ya tatu vimo vikalingana, ila wote wawili walitazama upande mmoja, kama wasafiri wanaongojea basi. Bwana Kihiyo akamwonyesha pa kubonyeza. Tunu akabonyeza, baba akageuka kama sura kiooni, wakatazamana. Ikachapishwa.

Bi. Nyange akaishika picha, akacheka. "Mimi bibi, yeye kijana! Watu watasema nimeolewa na mjukuu." Kisha kicheko kikakatika. "Lakini huyu siye."

"Mama, ndiye!" akasema Singano. "Nimemfuata mpaka Handeni!"

"Anafanana naye. Siye."

Hoza akaisogeza picha dirishani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kastabini iko mkono wa kulia," akasema. "Baba alikuwa wa shoto. Dada, umemgeuza."

"Nikimrudisha, atampa mama kisogo."

"Basi nigeuze mimi," akasema Bi. Nyange.

"Mama, kipini chako kitahama pua."

"Kihame. Mimi ningali hai, najisemea. Yeye nani atamsemea?"

Tunu akarudi dukani. Akamrudisha baba, akamgeuza mama. Bi. Nyange alipoiona mara ya pili, alikaa chini pale pale sakafuni. "Hamadi," akasema, "umechelewa."

Ndipo maneno yakaanza.

Singano akasema, "Bila miguu yangu, mngekata nini? Hewa?"

Tunu akasema, "Kaka, picha uliyoileta ilikuwa ya harusi ya watu. Mimi ndiye niliyemtoa humo, nikamketisha na mke wake."

Hoza akasema, "Mlimleta mtu mwingine, mkamchapisha. Mimi niliyekaa miguuni pake nikimtungia uzi ndiye niliyemjua. Mama alitaka mumewe, hakutaka picha."

Wakamgeukia mama yao. Bi. Nyange akawatazama mmoja mmoja. Picha ikatundikwa juu ya cherehani, na cherehani ikabaki imefunikwa kitambaa chake. Jioni ile Tunu alichukua sindano, akaendelea kupinda suruali ya mtu kwa mkono, macho yake yakienda na kurudi kwenye kile kitambaa.

Mjane hakuweza kuamua. Haya, ninyi mliosikia, amueni: mmoja alileta uso, mmoja aliwaketisha pamoja, mmoja alimtambua. Je, cherehani ya Hamadi Semboja, nani aliistahili?