Kenge na Ardhi Iliyokuwa Safarini

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelishwa ugali mbichi? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sogeeni. Mwoga akae katikati.

Hapo zamani za kale, mto uliteremka kutoka milimani umebeba udongo. Ulipofika ziwani ulichoka, ukautua mzigo. Mwaka hadi mwaka tope likapanda juu ya maji, likawa ardhi nyeusi, laini, isiyo na mwenyewe.

Mama Kenge alikuwa na mayai ishirini tumboni. Akaitamani ardhi ile.

Jirani yake, Mzee Fisi-maji, akamwambia, "Mwanangu, kwetu ardhi mpya haihamiwi hivi hivi. Laza sikio chini asubuhi tatu. Ikinyamaza, imefika. Ikisema, bado iko safarini."

Asubuhi ya kwanza Kenge akalaza sikio. Akasikia mtu anatwanga chini ya tope. Twa! Twa! Akasema, "Ni mawimbi."

Asubuhi ya pili akalaza sikio. Akasikia mtoto analia, na mama anambembeleza kwa lugha ya milimani. Akasema, "Ni upepo."

Asubuhi ya tatu hakulaza sikio. Sauti zikamfuata zenyewe: "Mama Kenge, tupishe. Tulikuwa mashamba, tulikuwa makaburi. Mto umetubeba, na bado hatujafika."

Kenge akaziba masikio kwa tope lile lile. Akachimba, akafukia mayai yake yote.

"Umesikia nini?" akauliza Mzee Fisi-maji.

"Sijasikia kitu, babu."

Mwongo mkubwa!

Masika yakaja. Mto ukakuta mzigo wake wenyewe umeuzibia njia. Ukageuka, ukapasua tope katikati, ukaenda kutafuta mlango mwingine. Maji yalipotulia, ardhi haikuwepo, wala mayai. Kenge akalia mpaka damu ikamtoka masikioni. Ndipo yakazibuka.

Miaka ikapita. Mbali, upande wa pili wa ufuo, ardhi nyingine nyeusi ikachomoza. Kenge akaenda, akalaza sikio. Hakusikia kutwanga, hakusikia mtoto wa watu. Akasikia vitu vidogo vingi vinakwaruza maganda.

"Mama," vikauliza, "tumefika?"

Nanyi mkisikia watu wanasema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni, msicheke. Wanangu, kilicholetwa na mto bado ni cha mto. Ukionywa, usizibe masikio.

Hadithi yangu naiacha hapo ufuoni. Mwenye sikio aondoke nalo.