Digidigi na Mrefusha Miguu

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kila mnyama alikuwa na mlango wake na chungu chake jikoni, Digidigi alikwenda kuposa kwa akina Swala. Alivaa kanzu mpya ndefu, akajipaka marashi. Shangazi wa binti alipomwona, alishika kiuno.

"Ebo! Mposaji ndiye huyu, au katumwa kutuambia mposaji yuko njiani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na nyie mnacheka? Haya, chekeni, lakini Digidigi hakucheka. Alimpenda yule binti, na aibu ilimchoma hadi kwenye kwato.

"Tunampa mwezi mmoja," shangazi akasema. "Akirefuka, arudi."

Sasa nyuma ya kilima aliishi Bwana Fisi, aliyejiita Mrefusha Miguu. Digidigi alipiga hodi kwake adhuhuri, jua la utosi. Mlango ukafunguliwa, akaingia, ukafungwa nyuma yake. Komeo likapachikwa juu kabisa, kwa! Chini ya mlango palibaki uwazi wa shubiri moja, na mwanga uliingilia hapo tu. Ndani kulifukizwa ubani mwingi mno, na chini ya ubani ule kulikuwa na harufu nyingine.

"Karibu, mwanangu," Fisi akasema. "Kazi yangu nyepesi. Kwanza naivunja miguu, ta! ta! Kisha naifunga kamba, naivuta upana wa ukucha kila siku. Siku thelathini tu, unasalimiana na Twiga uso kwa uso."

"Inauma, mzee?"

"Waulize wenzako." Akaonyesha pazia jeusi.

Digidigi alikuwa mtoto aliyelelewa. Huingii nyumba yenye wagonjwa usiwajulie hali. Akasema, "Wagonjwa, hamjambo?"

"Hatujambo! Tumerefuka!"

Walijibu wote kwa sauti moja. Sauti moja hasa, wanangu. Na Fisi alikuwa amegeukia ukutani, akikohoa.

"Na maumivu je?"

"Hatuumwi tena!"

Manyoya yakamsimama Digidigi. Fisi alipoinama uvunguni kutafuta jiwe lake, yeye akalipenua pazia kwa pembe.

Miguu ilikuwepo, safu nzima, imefungwa kamba. Mirefu kweli, myeupe, imelambwa ikang'aa. Wenyewe hawakuwapo.

Mama yangu! Akalitazama komeo, halifikiki. Nimekuja kutafuta urefu, akawaza, nimejileta kaburini.

Fisi akainuka na jiwe, shuka lake likamteleza kidogo. Hapo Digidigi akaona jambo. Miguu ya nyuma ya Fisi ilikuwa mifupi kuliko ya mbele, mgongo umeporomoka kama paa la banda. Fisi akalivuta shuka upesi, akajifunika. Digidigi akalielewa lile shuka, kwa maana hata yeye kanzu yake ilikuwa ndefu kwa sababu hiyo hiyo.

"Lala hapa," Fisi akasema.

"Nalala, mzee. Lakini hii yako ya nyuma, mbona hujairefusha?"

"Mganga hajigangi!"

"Kweli, hajigangi. Hugangwa na mwenziwe. Si mimi nipo?"

Jiwe likashuka taratibu.

"Kwani... watu wanaiona?" Fisi akauliza kwa sauti ndogo.

"Wanaiona, mzee. Juzi kwa akina Swala walicheka hadi wakatoka machozi. Walichosema sikisemi."

"Walisema nini?"

"Sikisemi."

"Sema!"

"Walisema unatembea kama mtu anayetafuta pa kuchutama."

Fisi akalivuta tena shuka. Huyo si alikuwa na nyumba nzima ya mifupa? Na bado neno hilo lilimuuma.

"Bila kuvunja lakini," akasema.

"Bila kuvunja. Tunavuta tu. Ukimaliza wewe, naingia mimi."

Fisi akalitazama komeo kule juu, akaridhika, akalala. Digidigi akafunga miguu ya mbele kwenye nguzo hii, ya nyuma kwenye nguzo ile, akatia kijiti katika kamba akaanza kusokota. Krii! Krii! Krii!

"Inarefuka?"

"Inarefuka, mzee!"

"Basi! Basi! Inauma!"

"Waulize wenzako," akasema Digidigi.

Fisi akaruka kwa ghadhabu. Pu! Kamba moja ikakatika. Akaangua kicheko kile mnachokijua. "Haya, kimbia! Komeo lile hulifikii, mfupi we!"

Pu! Ya pili.

Digidigi hakulitazama hata hilo komeo. Akalala kifudifudi, akajisukuma katika ule uwazi chini ya mlango, kichwa, mabega, kiuno. Kanzu ikanasa, akaiacha humo humo. Mbio!

Alifika kwa akina Swala kifua wazi, anahema. Shangazi akamtazama juu hadi chini.

"Mbona hujarefuka?"

"Shangazi, waliorefuka hawajatoka."

Akawasimulia yote, na safari hii hakucheka mtu. Binti mwenyewe ndiye aliyeinuka kumletea maji, akaketi karibu naye.

Miguu ya nyuma ya Fisi ni mifupi hadi leo. Nanyi mkipita nyuma ya kilima kile, msisalimu, maana mtaitikiwa, "Hatujambo!"

Anayekuuzia dawa ya aibu yako, mtazame kwanza yeye anaficha nini.