Kaisari Mabegani

Vibio, akida wa jeshi la Kirumi, alikizingira kijiji kimoja cha Galilaya akiwasaka waasi wa Kiyahudi waliojificha humo.

"Jua likitua sijawapata, nachoma nyumba zote," alitangaza, huku sanamu ya Kaisari imesimamishwa mbele ya hema lake.

Mjane mmoja, Shifra, alitoka akamwinamia.

"Bwana mkubwa, kabla hujatuchoma, turuhusu tumheshimu Kaisari. Wanaume wetu waibebe sanamu hadi kijitoni, wakaioshe vumbi."

"Dini yenu si inawakataza?"

"Inatukataza kuabudu mawe, bwana. Kuyabeba tumezoea."

Vibio alicheka. Tayari alijiona akisifiwa Roma kwa kuwatiisha Wayahudi bila upanga.

"Ila askari wako," Shifra aliongeza, "watamkodolea macho Kaisari kama wanaotazama punda akipita?"

Vibio alishtuka. Aliamuru jeshi zima lipige magoti, vichwa chini, na njia iachwe wazi. Wanaume walioshiba wakapita na sanamu mabegani, wakateremka bondeni.

Walipokawia kurudi, Vibio alishuka huko pamoja na Shifra. Alimkuta Kaisari kalala kifudifudi matopeni, mbuzi kamsimamia mgongoni.

"Wabebaji wako wapi?" alifoka.

"Wamekwenda zao milimani, bwana. Ndio hao waasi uliokuwa ukiwatafuta," alijibu Shifra. "Haya, choma nyumba. Roma wakiuliza kisa, tutawaeleza jinsi jeshi lako lilivyowapigia waasi magoti."

Vibio alipanda kurudi kambini, akawageukia askari wake, akakohoa kidogo.

"Kijiji hiki hakina mwasi hata mmoja," alisema. "Ng'oeni mahema."