Ada ya Kuchukua Chako

Anunuaye chake ameibiwa. Ndivyo alivyosema yule mama mliyemkuta leo akibishana mlangoni pa ofisi ya kata kwa kudaiwa hela ili apewe cheti chake, nanyi mkarudi mkiniuliza kama ni msemo wa wahenga. Wahenga hawahusiki, wajukuu zangu. Aliyeusema kwanza alikuwa mchuma chai, na mimi babu yenu nilikuwa nimesimama nyuma yake. Wekeni simu chini niwaambie ulikotoka.

Aliitwa Tusekile. Wakati ule nilikuwa karani wa mizani katika shamba la chai la Isumbi, nikipima majani ya wachumaji, kwa hiyo nilimjua vizuri. Alikuwa mjane, mwepesi wa mikono, si mtu wa maneno mengi. Aliishi na mama yake, Bibi Subilaga, aliyekuwa amefunikwa macho yote mawili na mtoto wa jicho. Bibi huyo alimjua mjukuu wake mdogo kwa kumpapasa tu. Uso wake hakuwahi kuuona.

Zamani mishahara tulilipwa dirishani, mkono kwa mkono. Kisha wakaja watu wa benki na mashati yao meupe, wakasimama kwenye uwanja wa kiwanda wakatuambia kwamba kuficha hela chini ya godoro ni ushamba. Zileteni kwetu, walisema, tutawatunzia bure, na tutafungua tawi hapa hapa kiwandani, mashine tuiweke ukutani, mchukue wakati wowote. Kampuni nayo ikafunga lile dirisha. Kwa miezi sita mashine ilitoa hela bila kukata hata senti. Tulipokwisha kuingia wote, asubuhi moja tukakuta karatasi imebandikwa: kila anayetoa fedha atakatwa shilingi elfu moja na mia mbili. Hiyo ilikuwa zaidi ya nusu ya kibarua cha siku nzima, mgongo umeinama kwenye ukungu. Tulinung'unika, kisha tukalipa. Mpaka leo nikikumbuka kwamba tulilipa, najichukia.

Mwaka ule madaktari wa macho walikuja hospitali ya misheni. Walikaa siku tatu tu. Upasuaji wa macho yote mawili ulikuwa shilingi laki moja na themanini elfu, na mwisho wa kulipa ulikuwa Jumatano saa sita mchana. Tusekile alikuwa amejinyima misimu miwili, na benki alikuwa na laki moja na themanini kamili. Jumatano asubuhi alimwacha mama yake kwenye benchi la hospitali, akaja mbio kwenye mashine. Mimi nilikuwa wa pili nyuma yake.

Siku hiyo mashine ilikuwa haitoi zaidi ya elfu hamsini kwa mara moja. Akatoa mara tatu, na mara zote tatu ikamkata. Alipotaka elfu thelathini za mwisho, mashine ikamwandikia kwamba salio halitoshi. Akatoa elfu ishirini, ikamkata tena. Zikabaki elfu tano na kidogo, na mashine haikutoa chini ya elfu kumi. Mkononi alikuwa na laki moja na sabini.

Akaingia ndani ya benki, nasi wa kwenye foleni tukamfuata. Meneja, Bwana Mwinuka, alikuwa amesimama karibu na kaunta.

"Meneja, hela yangu imepungua," Tusekile alisema.

"Haijapungua, mama. Hiyo ni ada ya huduma."

"Huduma gani?"

"Ya kukutolea fedha zako."

"Lakini mlisema mnatutunzia bure."

"Kutunza ni bure, mama. Kutoa ndiko kuna ada."

Alisema hivyo bila hata kuona haya. Tusekile akamtazama.

"Sasa mtu hutunziwa kitu ili asikichukue?"

"Mashine inakula umeme, mama. Kuna mlinzi, kuna karatasi. Vyote hivyo ni gharama."

"Na mnapowakopesha wengine hela yangu kwa riba, mimi mnanilipa gharama gani?"

"Mama, tusifundishane kazi. Watu wengine wanasubiri."

"Haya. Nipe hizo elfu tano zangu, ufunge akaunti."

Bwana Mwinuka akakohoa. "Kufunga akaunti nako kuna ada. Ni elfu kumi."

Tusekile akazipiga noti zake juu ya kaunta mpaka kalamu ikaruka.

"Laki moja na sabini hizi nimezinunua kwenu kwa elfu nne na mia nane! Jasho langu mwenyewe! Tena nikitaka kuondoka, niondoke na deni! Sikieni, ndugu zangu. Anunuaye chake ameibiwa!"

Mlinzi akamsogelea. Sisi tukamsogelea mlinzi, naye akarudi nyuma. Tukatoa tulichokuwa nacho mifukoni, elfu elfu na sarafu, mpaka zikafika elfu kumi. Tusekile akazifunga kwenye pindo la khanga, akakimbia.

Alifika saa sita na robo. Orodha ilikuwa imefungwa, na nafasi ya mama yake alikuwa amepewa mwingine. Akawapigia magoti, akaambiwa arudi mwakani. Bibi Subilaga hakufika mwakani. Alikufa wakati wa masika, na siku ya mwisho alikuwa amemshika yule mjukuu usoni, akimpapasa pua na midomo.

Tulitoka makaburini hatukwenda shambani. Kesho yake wachumaji wote walivirundika vikapu vyao chini ya ile mashine, wakakaa. Mimi mizani niliifunga. Majani ya chai hayasubiri mtu, yakipita siku zake hukomaa yakawa hayafai. Siku ya tatu mkuu wa shamba alikuja mwenyewe, jasho linamtoka, akauliza tunataka nini. Tusekile akasimama, akamwambia maneno yale yale matatu aliyoyasema benki, akakaa. Tuliobaki tukayarudia, watu mia nne kwa sauti moja. Wiki ile ile dirisha la mshahara likafunguliwa, na ada ikaondolewa kwenye mashine.

Lakini watu wale hawana soni. Walibandika bango kubwa lililoandikwa kwamba wameondoa ada kwa sababu wanatupenda. Kisha Bwana Mwinuka akaja na mpiga picha, ameleta khanga mpya kabisa, ampe Tusekile mbele ya watu.

"Pokea, mama. Ni zawadi kutoka benki."

Tusekile hakunyoosha mkono. "Mmeinunua kwa hela ya nani?"

Meneja alibaki ameishika ile khanga, mpiga picha akashusha kamera yake. Tuliinuka mmoja mmoja tukarudi kwenye chai.

Basi ndivyo ulivyoanza, na ndiyo maana yule mama alikuwa akifoka leo. Siku mtu akiwaambia mlipe ili awape kilicho chenu, msimuulize bei. Hata ikiwa ni senti moja, anunuaye chake ameibiwa.