Somo wa Mtoto wa Luhende

Sogeeni. Na wewe uliyekaa nyuma, maliza hayo mahindi kwanza, maana nikianza sirudii. Leo kuna damu. Mwenye roho nyepesi atoke sasa hivi, asije akanilaumu baadaye.

Pale Matongoro kulikuwa na wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bupe wa hospitali alijua kutoa data: faili lililojifungia ndani ya programu moja, yeye alilitoa likasomeka popote. Kabula wa ofisi ya kata alijua kuingiza: mletee faili lililovurugika unavyotaka, atalipanga kwenye programu yake ya takwimu mpaka kila kitu kikae mahali pake. Nkwimba, karani wa mapokezi hospitalini, alikuwa na mikono myepesi. Mgonjwa hajamaliza kutaja jina la baba yake, yeye keshaandika jina, jeraha na saa aliyofika.

Haya. Jumamosi moja, saa mbili usiku, watu wenye mapanga walivamia mtaa wa Mnadani. Walikata kila aliyefungua mlango. Kaka yake Nkwimba walimuulia kizingitini, mkewe anaona. Kulipokucha mtaa mzima ulikuwa unatafuta mtu wa kulipizia kisasi.

Wakampata Luhende, muuza nyama, mkono umefungwa bandeji. Jeraha la panga!

"Nilijikata buchani nikipasua mfupa," alisema. "Nilishonwa hospitali saa moja jioni, watu hawajavamiwa bado. Ulizeni!"

Mgambo akapiga simu hospitali. Karani wa zamu akasoma kilichokuwa kwenye kompyuta: Luhende alipokelewa saa saba usiku.

Lo! Saa saba usiku, na jeraha la panga! Nani angemsikiliza tena? Hata aliyemshona hakumkumbuka, wala Nkwimba aliyempokea, maana usiku ule majeruhi walimiminika mpaka wakalazwa sakafuni. Luhende alipigwa akang'olewa meno. Mgambo walifaulu kumfungia stoo ya ofisi ya kata, lakini watu wakaja na tairi na petroli. Mkewe Minza, mimba yake ya leo au kesho, akajilaza mlangoni pa ofisi.

"Mtapita juu yangu," akasema.

Kabula alikuwa chumba cha pili. Akampigia Bupe.

"Nitumie faili zima, siyo mstari mmoja, huenda karani alisoma wa mtu mwingine. Litoe kwa maandishi matupu, la kwenu halifunguki kwangu. Fanya haraka dada, wanamchoma mtu!"

Sasa sikilizeni ya Bupe. Wale wauaji walikuwa na mwenzao aliyeshonwa hospitali ile ile, na walitaka kumbukumbu zake ziteketee. Walifika mchana kweupe na madumu ya petroli. Bupe akajifungia chumba cha kompyuta, akatoa amri, faili likaanza kutoka polepole, polepole mpaka unatamani ulivute kwa mkono. Mlango ukapasuka. Panga likapenya kwenye ufa likamkata vidole vya mkono wa kushoto, ule ulioshika komeo. Hakuliachia. Alilishikilia kwa kiganja kilichobaki, na kwa mkono wa kulia akatuma faili. Ndipo akaruka dirishani, moto unamfuata mgongoni.

Sasa ya Kabula. Faili lilifika, lakini lilipoingia kwenye programu yake likawa uji: majina, umri, majeraha, saa, vyote vimebanana kwenye safu moja. Programu ya Kabula ilitenganisha kwa mkato, na faili la Bupe lilitenganishwa kwa nukta mkato. Kabla hajarekebisha, jiwe likavunja kioo likamwingia jichoni, na jicho likapasuka pale pale. Kabula alipiga yowe, akafuta damu kwenye skrini kwa kanga yake, akaliingiza faili upya. Safu zikajipanga. Akautafuta mstari wa Luhende. Saa saba usiku, vile vile! Akalia kwa jicho lililobaki.

Sasa ya Nkwimba. Yeye alikuwa nje, kwenye lile kundi, na panga la marehemu kaka yake. Aliingia kwa dirisha la Kabula lililovunjika, kwenda kumtoa Luhende stoo. Akapita mbele ya skrini, na macho yakaangukia jina la wifi yake. Amepokelewa saa tisa usiku.

"Uongo huu!" akafoka. "Wifi yangu nilimpokea mwenyewe, saa tatu usiku!"

Akasoma wa chini yake. Saa tisa. Na wa chini yake. Saa tisa. Panga likamtoka mkononi. Alikuwa ameandika kama tunavyosema sisi sote: saa tatu, akabonyeza tatu. Mashine inahesabu saa zake kuanzia usiku wa manane, na kwake tatu ni saa tisa usiku. Na aliyefika saa moja jioni? Alibonyeza moja, mashine ikasoma saa saba usiku.

Akapanda dirishani, akamwita majeruhi mmoja aliyekuwa kundini.

"Mama Seni! Uliletwa hospitali saa ngapi?"

"Saa tatu. Si ulinipokea wewe?"

"Mashine inasema saa tisa! Niliwaandika wote kwa saa yetu, ikawasoma kwa saa yake. Luhende alishonwa saa moja jioni, ndugu zetu wazima bado. Nimekosea mimi. Kama lazima mchome mtu, nichomeni mimi!"

Watu walimvuta chini wakampiga mpaka taya likavunjika. Lakini petroli haikumwagwa, na Luhende akatoka stoo anapumua. Yule muuaji aliyeshonwa hospitali, polisi walimpata kwa faili lile lile, na wenzake pia.

Minza alijifungua jioni ile, sakafuni pale ofisini. Mtoto wa kike. Luhende akasema mtoto apewe jina la aliyemwokoa. Na kwao somo, yaani mwenye jina, si wa jina tu. Somo ni mama wa pili, mtoto humtunza mpaka anazikwa.

"Aitwe Bupe," alisema mama mkwe wa Luhende. "Bila yeye faili lingekuwa majivu."

"Faili lisilosomeka ni la kazi gani?" akajibu dada yake Luhende. "Kabula katoa jicho. Aitwe Kabula."

Minza akasema taratibu, "Na Nkwimba?"

Luhende akageuka kwa hasira. "Nkwimba? Mkono wake ndio ulioniweka kwenye petroli!"

"Na mdomo wake ndio uliokutoa. Wenzake walisoma saa saba kama kila mtu. Aliyekosea ndiye pekee aliyejua kosa liko wapi. Angenyamaza, nani angemjua?"

Hawakuafikiana. Mpaka leo wanamwita Mtoto.

Jina ni moja, jamani, haligawanyiki. Je, wewe ungempa nani? Na hukumu yako hiyo, ungeweza kuitamka mbele ya Nkwimba, taya lake limefungwa waya, hawezi kukujibu?